Uji Usioona Moto

Siku Shangazi alipofungua friji asubuhi akakuta chupa nne za jemu zimepangwa mstari, kila moja na kitu kizito chenye rangi yake na kibandiko juu ya kifuniko, alidhani nyumba nzima imetakiwa kupeleka vipimo maabara. Akatoa moja, akaitikisa. Kilichomo hakikutikisika. Akaisogeza dirishani. Ndani yake mbegu nyeusi, ndogo kama mayai ya chura, zilikuwa zimevimba, na alipozikodolea macho aliona kama zinamkodolea pia.

Kibandiko kiliandikwa kwa mwandiko wenye maringo: Keki ya Chokoleti. Cha pili, Keki ya Karoti. Cha tatu, Pai ya Tufaha. Cha nne, Jibini na Biskuti.

"Keki," Shangazi aliliambia friji. "Saa kumi na mbili asubuhi."

Akaufunga mlango kwa kishindo, akarudi kwenye sufuria yake, ambako uji ulikuwa unatokota kama uji wenye akili timamu.

Mwanamke huyu na uji walikuwa kama ndugu wa tumbo moja. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mpishi wa uji wa wodi hospitalini: wodi sita, sufuria mbili ambazo kila moja ungeweza kumwogeshea mtoto wa darasa la tatu, na mwiko mrefu kama kafi. Wauguzi walimwita Daktari wa Uji, naye, kwa kuwa kejeli haipenyi ngozi nene, aliipokea kama cheo. Aliamini kwa dhati kwamba wagonjwa walipona kwa uji wake, na madaktari walipita baadaye kupokea shukrani tu. Aliwahi kuwa na mume. Mume huyo alidumu miezi kumi na minne, kisha asubuhi moja akalalamika kwamba uji ni wa moto mno. Shangazi akamwambia anayetaka cha baridi akanywe maji. Akaenda kuyanywa, na mpaka leo kiu haijamwisha.

Mwaka aliostaafu ndio mwaka kaka yake alifiwa na mke. Nyumba ikabaki na wanaume wawili: Kaka, fundi wa betri za magari, mtu wa maneno machache kwa sababu mengi hayakuwahi kumjia, na mwanawe, msoma mita za maji, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni na wazo moja kichwani, hilo moja likiwa la kuazima. Shangazi alikuja na begi na mwiko, akasema anakaa mwezi mmoja. Mwezi huo sasa ulikuwa na miaka saba.

Na katika miaka hiyo saba hakuna mtu aliyepita mlango ule bila kusikia habari za uji. Mgeni akiketi tu, kabla hajauliza hali za watu, ameshaelezwa kwamba nyumba hii inaamshwa na nani, kwa sufuria gani, saa ngapi, na kwamba uji wa Shangazi haujawahi kuwa na donge hata siku ya umeme kukatika. Ungemuuliza anafanya nini pale, angejibu uji. Ungemuuliza mengine je, angekutazama kama umemuuliza anapumuaje.

Kisha msoma mita akaoa.

Bi Harusi, jina ambalo hakuvuliwa ingawa ndoa ilikuwa na miezi mitano na pazia la ukumbini siku ya harusi lilishakuwa pazia la bafuni, alifanya kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno. Alikuwa msichana mwembamba, mwepesi wa mikono, mzito wa kuamka. Asubuhi alitoka chumbani kama mtu aliyefukuliwa. Kwa hiyo alikuwa amejitafutia dawa kwenye simu: kifungua kinywa unachokitengeneza jioni, kikaiva chenyewe ndani ya friji wakati wewe umelala. Hata uvivu siku hizi una maelekezo na picha.

Shangazi aliufuatilia uchawi huo kwa jioni tatu, akijifanya anapangusa kaunta iliyokwisha kupanguswa. Bi Harusi alichota oti, zile nafaka zilizopondwa zikawa bapa kama magamba ya samaki, akazitia kwenye chupa. Akamimina maziwa. Akaongeza mtindi, kijiko cha mbegu za chura, ambazo mwenyewe aliziita chia, na asali kidogo. Halafu kukaja mapambo: hii ikatiwa kakao, hii karoti iliyokunwa na mdalasini, hii vipande vya tufaha, hii jibini laini, na biskuti zilizopondwa zikanyunyizwa juu kama vumbi la barabarani. Kifuniko, tikisa, friji. Moto haukuwashwa. Mwiko haukuguswa. Dakika kumi, na jikoni hakujatoka hata mvuke.

"Mwanangu, hiki unapika saa ngapi?" Shangazi aliuliza jioni ya kwanza, kwa sauti ya upole aliyokuwa akiwawekea wagonjwa mahututi.

"Hakipikwi, Shangazi. Kinalala tu."

"Kinalala." Akalirudia neno hilo taratibu. "Na watu hawa watakila kikiwa bado kimelala?"

Kuanzia hapo alipata kazi ya pili, ya kudharau, na aliifanya kwa bidii ileile ya kwanza. Alisema oti ni chakula cha farasi, ila farasi angalau hupewa na mzigo wa kubeba. Alisema chakula kisichochemka ni maradhi yaliyowekwa kwenye chupa. Alisema anaelewa sasa kwa nini mtu wa kliniki ya meno anawalisha watu keki alfajiri: anaitafutia ofisi wateja. Kwa jirani wa ukuta wa kushoto alisema kwamba zamani bi harusi alikuja na sufuria, siku hizi anakuja na chupa za jemu ambazo jemu yake hujui nani aliila. Bi Harusi alisikia yote, kwa sababu Shangazi hakujua kunong'ona. Wodi sita hazikumfundisha. Lakini aliendelea kutikisa chupa zake kama asiyesikia, na hilo lilimuuma Shangazi kuliko jibu.

Wa kwanza kuasi alikuwa Kaka. Siku ya nne alipita mbele ya bakuli lake la uji, akafungua friji, akasimama palepale mlango ukiwa wazi, akala Pai ya Tufaha mpaka kijiko kikagonga kitako cha chupa. Dada yake akamuuliza ikoje. Kaka akafikiri kwa muda wa kutosha kuchaji betri, akasema si mbaya. Kwa mtu yule, hiyo ilikuwa hotuba. Siku ya tano msoma mita akafuata. Siku ya sita sufuria ilibaki imejaa, ikafanya ngozi juu, na Shangazi akaupeleka uji kwa kuku wa jirani, ambao walidonoa mara mbili wakaondoka. Hata kuku.

Mpaka hapo ingekuwa vita ya jikoni tu, na vita ya jikoni huisha kwa mtu kuungua kidole. Lakini siku ya saba msoma mita, akilamba kifuniko kama mtoto, aliona ni wakati wa kutoa lile wazo la kuazima.

"Shangazi, umetuhangaikia sana," alisema. "Sasa uji wenyewe umeshajimaliza. Si unaweza kupumzika?"

"Kupumzika wapi?"

"Baba mdogo ana chumba. Nimeongea naye. Anakuja Jumapili, tuzungumze."

Kaka alitazama kijiko chake. Alikitazama tu, na Shangazi, aliyemjua tangu akiwa anakojoa kitandani, akaelewa kwamba jambo hilo limeshajadiliwa bila yeye.

Hakuna mzee asiyejua maana ya kupumzika. Mdogo wao, ambaye tangu utoto walimwita Kitinda na hata sasa akiwa na kitambi na duka la misumari waliendelea, aliishi mwendo wa saa tatu kwa gari. Chumba alichokuwa nacho kilikuwa stoo ya matairi. Kiti kingewekwa barazani. Shangazi angeketi pale, angeletewa chai, angeulizwa kama amelala vizuri, na hakuna mtu hata mmoja ambaye siku yake ingeharibika kama yeye hakuamka. Aliwaona wengi wa namna hiyo wodini. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wamepumzishwa.

Siku hiyo hakumtukana mtu mpaka jioni, na nyumba ikaingiwa na wasiwasi.

Kesho yake alfajiri, kabla ya mwingine kuamka, alifungua friji akatoa Keki ya Karoti. Alijieleza mwenyewe kwamba anakagua. Huwezi kupigana na adui usiyemjua. Akachota ncha ya kijiko, akakunja uso tayari kwa kutema. Kitu kilikuwa baridi, laini, na mdalasini ukapanda puani kama habari njema. Karoti ilikuwa na utamu ambao haukuwa na haki ya kuwa nao. Akachota tena ili awe na uhakika kwamba ni kibaya. Uhakika ulichukua chupa nzima. Akaiosha, akaifuta, akairudisha kabatini, na saa moja baadaye akasikiliza mume na mke wakigombana chumbani ni nani mlafi kati yao, huku yeye akikoroga uji usiotakiwa na mtu kwa utulivu wa mtakatifu.

Lakini alikuwa amejua jambo, na lilimkera: kitu kile kilikuwa kizuri. Uji wake usingeshinda mbele ya Kitinda siku ya Jumapili. Basi Jumapili hiyo hiyo, mbele ya wote, angeweka mezani chupa zake mwenyewe, bora kuliko za yule msichana, na waone kama kuna asubuhi isiyomhitaji. Jambo gani gumu hapo? Mtu aliyelisha wodi sita ashindwe na chupa sita?

Jumamosi mchana Bi Harusi akiwa kazini, Shangazi alijifungia jikoni. Na hapa ndipo miaka thelathini na mmoja ilipomponza, maana mkono uliozoea haukubali kufundishwa na jicho. Alishaona mara tatu kwamba oti hazipikwi. Lakini kumpa mgeni nafaka mbichi, yeye, mwenye cheti cha usafi wa jiko ukutani? Akaweka maziwa motoni, akamwaga oti, akazichemsha na kakao dakika arobaini, akikoroga kwa nguvu zake zote, mpaka zikafikia uzito aliokuwa akiwapa wanaume wa wodi ya mifupa. Alipofika kwenye chia alikumbuka kijiko cha Bi Harusi, kijiko cha chai, akakicheka. Uchoyo ule. Kwa mazoea ya wodi alipima kwa kikombe: kimoja, cha pili, na nusu ya cha tatu kwa ajili ya mgeni. Akajaza chupa sita uji ukiwa bado unafuka moshi, akakaza vifuniko kwa mikono iliyowahi kuinua magunia, akazipanga kwenye friji nyuma ya maji ya kunywa. Alisimama akizitazama. Zilipendeza. Hata sumu ikiwa kwenye chupa safi hupendeza.

Kitinda aliwasili Jumapili saa mbili asubuhi, na kabla hajakaa akatangaza kwamba ameshahamisha matairi. Alikuwa na furaha ya mtu anayetoa sadaka ya kitu asichokitumia. Wote wakakaa mezani: Kaka, Kitinda, msoma mita, na Bi Harusi aliyekuwa bado anatafuta jicho la pili. Shangazi akaingia na trei. Akamwekea kila mtu chupa yake, akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa iliyofanyiwa mazoezi tangu jana, kwamba ni keki ya chokoleti, kitu kidogo tu alichokitengeneza.

Chupa ya Kitinda haikufunguka. Akacheka, akajaribu tena. Haikufunguka. Akampa msoma mita, ambaye aliivamia kwa taulo, akaibana mapajani, akawa mwekundu wa macho. Kaka akachukua yake, fundi wa miaka mingi, mtu wa spana, akasimama, akaketi. Uji uliofungwa ukiwa wa moto ulikuwa umepoa na kuvivuta vifuniko chini kama kupe. Mwishowe Kaka akaenda kuleta bisibisi, akatoboa kifuniko kimoja, kikapiga mluzi, kikaachia, na vingine vikafuata.

Kitinda akatia kijiko. Kijiko kikaingia nusu kikasimama wima. Akakiachia, kikabaki kimesimama. Akakivuta, na chupa nzima ikainuka nacho.

Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Msoma mita alimtazama shangazi yake kwa huruma, ile huruma safi ya kijana anayeona hoja yake imejithibitisha. Kitinda akakohoa. Akasema kwa upole kwamba dada amechoka, miaka nayo imeenda, mikono husahau. Kule kwake hatahitaji kugusa hata kijiko. Wakishakunywa chai, afunge begi. Kaka akaitikia kwa kichwa polepole, na safari hii hilo lilikuwa jibu.

Shangazi alikuwa amesimama na trei tupu.

Bi Harusi ndiye aliyesema. Alikuwa ameigeuza chupa yake juu ya sahani, akaipiga kitako, na bonge likatoka zima, jeusi, likiwa na umbo la chupa mpaka mistari ya kioo. Akalikata vipande kwa kisu. Akaonja. Akatafuna kwa muda mrefu, maana hakukuwa na namna nyingine.

"Hizi chupa ni za asubuhi," alisema, akimtazama mumewe. "Mchana mtakula nini, vifuniko?"

Msoma mita akauliza vipi.

"Nauliza. Maharage yanachambuliwa na nani? Jana mlikula nini usiku? Kola za mashati yako nani anazisugua, mita? Mimi natoka hapa saa moja narudi saa kumi na moja. Kama mnamtoa Shangazi kwa sababu ya uji, ni sawa, uji umekwisha. Lakini msinitazame mimi kesho saa saba mchana, maana mimi najua kutikisa chupa tu. Mengine sijui na sitaki kujua."

Baba na mwana wakaanza kupiga hesabu kwa mara ya kwanza katika miaka saba. Ungeweza kuiona ikipita usoni mwa Kaka, polepole kama mafuta ya baridi: kwamba wali ulikuwa unatoka mahali. Kwamba shuka haijioshi. Mtu mzima, mwenye ufundi na stakabadhi, alikuwa amekula milo zaidi ya elfu nne akidhani mezani ndiko inakoota. Na kosa halikuwa lake peke yake, ingawa la kwake ndilo lililokuwa la kijinga zaidi. Shangazi mwenyewe alikuwa ameupigia uji ngoma kwa sauti kubwa hivi kwamba kazi nyingine zote zilipita nyuma yake bila kuonekana. Aliifanya nyumba nzima iamini kwamba yeye ni sufuria moja. Sufuria ilipotolewa motoni, wakamtafuta wasimwone.

Wala usidhani Bi Harusi alisukumwa na upendo. Hakuwa mjinga. Alikuwa ameutazama mwiko, rundo la nguo na kapu la maharage, akajitazama, akachagua.

"Dada," Kaka alisema hatimaye, na neno hilo lilimtoka kwa shida kuliko kile kifuniko. "Kwani lazima uende?"

Kitinda akaanza kusema kuhusu matairi. Kaka akamwambia ayarudishe.

Sasa wote wakamtazama Shangazi. Mwanamke mwingine pengine angelia, akawakumbatia, akasema wanangu. Huyu aliiweka trei mezani. Akachukua kipande cha lile bonge kwenye sahani ya Bi Harusi, akakitafuna, akameza kwa juhudi, akasema kakao ilizidi lakini kinaweza kuliwa. Rangi ilikuwa imeshamrudi usoni. Shingo ilinyooka, kidevu kikapanda, na ndani ya muda wa kupenga kamasi alikuwa hawezi tena kuvumilika.

"Nitafikiria," akasema.

Msoma mita akauliza atafikiria nini.

"Kama nitabaki. Mtu haombwi kazi akajibu papo hapo kama njaa inamsumbua. Na nikibaki, wewe binti, zile mbegu utaninunulia zangu. Sipimi kwa kijiko cha chai."

"Kwa kikombe usipime tu, Shangazi."

"Nitapima kwa ninachotaka."

Akavua aproni, akaitundika kwenye kona ya kiti cha Kaka, akaenda chumbani kwake kupumzika. Alifunga mlango kwa ufunguo. Walimsikia akifungua redio, kisha kitanda kikalia, kisha redio ikaongezwa sauti.

Hakutoka saa nne wala saa sita. Bi Harusi alikuwa amerudi kulala, kwa kuwa Jumapili ni Jumapili. Wanaume watatu, wawili wao wenye mvi na mmoja mwenye kalamu mbili, walibaki jikoni wakiwa wameuzunguka mfuko wa maharage makavu. Kitinda alisema anadhani yanalowekwa. Kaka akauliza kwa muda gani. Msoma mita alifungua makabati yote, juu na chini, akafungua hata droo ya taulo, akaenda kusimama nje ya mlango wa Shangazi, akabisha kwa kidole kimoja, kwa adabu ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu azaliwe.

"Shangazi, samahani. Chumvi inakaa wapi?"

Ndani, redio ikaongezwa sauti tena.